Mispa Chini ya Karatasi

Wanasema wivu ni kidonda, ukishiriki utakonda. Mimi nimeushiriki tangu usichana na sijakonda hata kidogo. Gauni la mwaka juzi linanibana. Nalisema hili mapema ili mtu asije akalalamika baadaye kwamba sikumwonya. Nataka kusimulia habari za mume wangu, mtu wa kawaida ambaye hakuna atakayemwandikia kitabu ingawa yeye vitabu vya watu amevihangaikia maisha yake yote, na siwezi kumsimulia nikajiacha mimi nje.

Mume wangu ni fundi wa kujalidi vitabu. Mtaani wanamwita Fundi Gundi, kwa sababu kucha zake zina ukingo mweupe wa gundi ya unga usiotoka hata akisugua kwa jiwe. Ukimuuliza swali anamaliza kwanza alichoshika, anakiweka kwenye kibano, anapangusa mikono, ndipo anakujibu, na mara nyingi jibu lenyewe ni "Ndiyo" au "Bado." Kila kitabu kinachoingia hukinusa. Kwa kunusa tu anajua kama kilikaa jikoni, chini ya kitanda au sandukuni kati ya nguo. Kitabu kilichokaa na mgonjwa anakijua pia, na hicho hukitengeneza kwanza bila kuambiwa na mtu.

Duka letu ni chumba kimoja kirefu kilichobanwa kati ya kinyozi na fundi saa. Mbele kuna dirisha, benchi la wateja na meza ya kupokelea. Nyuma kuna vibano viwili vya chuma, meza ya kukatia, na jiko dogo la mkaa la kupashia gundi na zile herufi za shaba tunazopigia majina kwenye jalada. Mimi ndiye mshonaji. Kitabu ni mikunjo ya karatasi, na mikunjo hiyo lazima mtu aishone pamoja kwa uzi uliopakwa nta, mmoja baada ya mwingine, kabla ya kuvikwa jalada. Mimi nashona, yeye anavika. Wateja wananiita Mama Sindano, na si kwa sababu ya kushona peke yake.

Nilipoingia dukani baada ya harusi niliweka sheria moja: wanawake nawapokea mimi. Sheria hii ilianza siku muuza maua mmoja alipomshika fundi mkono ili amwonyeshe ukurasa uliochanika. Ukurasa ulikuwa mkubwa wa kutosha, ungeonekana bila kushika mkono wa mume wa mtu. Mume wangu hakubisha. Alivuta kiti chake nyuma karibu na jiko, akaendelea kukata, na tangu siku ile mwanamke akiingia yeye hainui kichwa. Nikasema moyoni nimepata mume mpole.

Lakini muuza maua alikuwa mazoezi tu. Mwanamke niliyemwogopa kweli ni Mwalimu wa Kwaya. Jina lake lilinifikia kabla ya sura yake. Wiki ya harusi yetu wifi yangu, dada yake fundi, alikuwa akinipima gauni, pini zimemjaa mdomoni, akasema kwa pembe ya mdomo, "Bahati yako, wifi. Huyu kwa miaka minne alikuwa wa Mwalimu wa Kwaya. Wazazi wa binti ndio walioona gundi haitoshi kulisha mtu, wakamwoza karani." Kisha akaendelea kubandika pini kama mtu aliyetaja hali ya hewa. Pini alizitoa zote jioni ile. Hilo neno halijanitoka mpaka leo.

Mji wenyewe si mkubwa. Mwalimu wa Kwaya alikuwa akiishi karibu na soko, akifundisha kuimba katika kanisa la juu, na katika miaka ishirini na miwili sikuwahi kumwona akipita mtaa wetu. Kwanza nilimshukuru. Baadaye nikaanza kumshuku kwa jambo lile lile: mtu asiye na lolote moyoni anaogopa nini kupita barabarani? Karani wake alipofariki nilisema pole kwa wote waliosema pole. Usoni nilihuzunika vizuri. Moyoni nilisema, haya, sasa yuko huru.

Akaja Alhamisi moja asubuhi, na Alhamisi ni siku ambayo fundi huenda kufuata ngozi. Alisimama mlangoni, kitabu amekikumbatia, hakuingia. Sura yake niliijua tangu matanga ya karani.

"Hodi."

"Karibu."

"Mwenyewe yupo?"

"Mwenyewe yupi? Duka hili lina wenyewe wawili."

"Fundi."

"Hayupo. Amefuata ngozi."

Akashusha pumzi, akaingia. Mimi hiyo pumzi niliiona, nikaitafsiri papo hapo: amesikitika kumkosa. Nikamtazama. Mwanamke wa makamo, shingo ndefu, mgongo umenyooka kama wa watu wanaosimama mbele ya watu. Nilitafuta kasoro kuanzia kitambaa cha kichwa hadi viatu, nikapata kiatu kimoja kilicholika kisigino kuliko kingine. Nikashikilia hicho.

Kitabu kilikuwa Biblia kubwa, mgongo umekatika, mikunjo inachungulia nje. Kabla hajaniachia, alifunua jalada la mbele, akapitisha kidole gumba upande wa ndani, polepole, kama anayepapasa paji la mtoto kuona kama homa imeshuka.

"Fundi ndiye aliyeijalidi, zamani," akasema. "Uzi umechoka. Lakini kadibodi za jalada bado nzima. Nakuomba dada, zisibadilishwe."

"Tutaona zikoje."

"Nakuomba," akarudia. Kisha akauliza, akitazama sakafu, "Na fundi huwa anatoka siku gani?"

Nilihisi damu inanipanda mpaka masikioni. Mtu ananiuliza mimi, mezani pangu, siku ambazo mume wangu yuko barabarani peke yake.

"Alhamisi," nikasema. "Kwa nini?"

"Basi nitaifuata Alhamisi."

Alipotoka nilimsindikiza kwa macho mpaka konani. Sikungoja. Kazi ya kufumua kitabu ni yangu, nikachukua sponji na maji, nikalowesha ile karatasi ya ndani ya jalada, mahali alipopapasa. Karatasi ililegea, nikaiinua kwa ncha ya kisu. Chini yake, juu ya kadibodi, kulikuwa na neno moja kwa dhahabu, na chini ya neno tarehe.

MISPA. Herufi zile nazijua. S yetu ina pengo mguuni tangu ilipoanguka sakafuni kabla sijaolewa, na S hii ilikuwa na pengo. Na tarehe ilikuwa ya wiki moja kabla ya harusi yangu. Mimi napimwa gauni, yeye yuko hapa anampigia mwenzake dhahabu mahali pasipoonekana.

Mtu ataniuliza, wewe mke wa fundi wa Biblia, hulijui neno la Biblia? Kinyozi hajinyoi. Biblia nimezishona mamia; kuzisoma ni habari nyingine.

Jioni fundi alirudi na ngozi begani. Akaona kitabu mezani, akasimama.

"Amekuja?"

"Nani?"

"Mwenye kitabu."

"Amekuja. Ulitaka akukute?"

"Hapana," akasema, akaenda kutundika ngozi. Hiyo hapana ilikuwa fupi mno. Mimi ile kadibodi nilikuwa nimeikalia.

Kesho yake nilikwenda kwa Mzee Kamusi. Huyu alikuwa mteja wetu, mwalimu mstaafu wa chuo cha Biblia, mtu ambaye ukimsalimu anakueleza asili ya salamu. Nilimkuta jikoni kwake akimenya viazi, miwani imefungwa kwa kamba ya kiatu. Nikamuuliza kana kwamba ni mteja aliyeniuliza.

Akaweka kisu chini. Furaha ilimjaa usoni. Nadhani hakuna aliyemuuliza kitu tangu astaafu.

"Hilo ni la Kiebrania, Mama Sindano. Mahali pa kulindia. Pale juu anaposimama mlinzi kuangalia mbali. Liko Mwanzo, sura ya thelathini na moja. Maana yake kwa ufupi: Mungu atuangalie, mimi na wewe, wakati hatuonani. Wapenzi wanaotenganishwa wamelipenda sana neno hilo. Wanalichora kwenye pete mbili, huyu anabaki na moja, yule na moja." Akainua kidole chenye ganda la kiazi. "Lakini sasa, ukisoma sura yenyewe..."

Mimi nilikuwa nimeshafika mlangoni. Alisema lakini, nilimsikia akisema lakini, na sikutaka kuijua. Nilichotaka nilikuwa nimeshakipata. Njiani nikawa nalirudia: mimi na wewe, wakati hatuonani. Miaka ishirini na miwili nimelala na mtu ambaye kila usiku Mungu anamwangalizia mwanamke mwingine.

Nilipofika dukani fundi alikuwa amekaa kwa kinyozi, ananyolewa. Mezani kulikuwa na Biblia nne zimefumuliwa, sikufungua hata moja. Nikaichukua ile kadibodi, nikaikunja mara mbili kwa goti, nikaitia jikoni chini ya sufuria ya gundi. Dhahabu haiwaki. Inajikunja tu, inakuwa nyeusi. Niliitazama mpaka mwisho na gundi yote ikaungua.

Jumamosi fundi aliniuliza, "Kadibodi ya mbele iko wapi?"

"Ilioza."

Akamaliza kunoa kisu. Akakiweka. Akapangusa mikono.

"Haikuoza," akasema.

Basi nikafunguka. Yaliyonitoka siyaandiki yote. Nilimtaja Mwalimu, karani marehemu, kwaya nzima, sauti ya kwanza mpaka ya nne. Nikamwambia kama ni kuondoka niambiwe leo, nikakae kwa binti yangu mkubwa, kuliko kuendelea kushonea watu vitabu huku mimi mwenyewe nafumuliwa. Nikamwambia neno nimeliona, maana yake naijua, na nimelichoma. Nilikuwa nimeshafungasha nguo zangu kwenye mfuko tangu asubuhi, na mfuko ulikuwa pale chini ya benchi, anauona.

Aliutazama mfuko. Kisha akavuta Biblia moja kati ya zile nne, akatafuta mkunjo, akaniwekea mbele. "Soma," akasema. "Kwa sauti. Mimi sijui kusimulia."

Nikasoma kwa hasira, nikikata maneno. Yakobo amemtoroka mkwewe Labani, amechukua mabinti zake wawili na mifugo. Labani anamfukuza, anamkamata mlimani. Hawa si watu wanaopendana. Miaka ishirini wamedanganyana, kila mmoja anamchunguza mwenzake mkono. Basi wanarundika mawe, wanaapa. Rundo lile ndilo linaloitwa Mispa: Mungu aangalie kati yako na mimi tukiwa hatuonani, kwa sababu mimi sikuamini. Nikafika pale Labani anapomwambia mkwewe kwamba akiwatesa mabinti zake, au akichukua wanawake wengine juu yao, hata kama hakuna mtu wa kuona, Mungu ni shahidi. Na lile rundo, mimi sitalivuka kuja kwako, wala wewe hutalivuka kuja kwangu.

Nilirudia mstari mmoja nikidhani nimeusoma vibaya.

"Alikuja wiki moja kabla hatujaoana," fundi akasema. Yalikuwa maneno mengi kuliko aliyosema mwezi mzima. "Biblia ilikuwa ya kwake, nilikuwa naijalidi. Tulikaa hapo, yeye benchini, mimi hapa. Yeye ndiye aliyelichagua neno. Akasema, wewe una mke anakuja, mimi nina mume. Weka rundo. Sitapita mlangoni kwako na wewe usipite kwangu. Nikapiga, nikabandika karatasi juu, akaondoka."

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungelala?"

Nikafikiri. "Nisingelala."

"Ndiyo sababu."

Hapo mwanamke mwenye akili angenyamaza. Mimi nikauliza, "Ulikuwa unampenda?"

"Ndiyo."

"Na sasa?"

Aliangalia mikono yake. Hakuwa ameshika kitu, kwa hiyo hakuwa na cha kumalizia kwanza. "Mama watoto," akasema, "mtu hajengi ukuta mahali pasipopitika. Nilijenga. Nimekaa upande wako wa ukuta. Unataka nini tena?"

Nilitaka aseme hapana. Hakusema. Mume wangu hajui kusema uongo, na siku ile niliona ni ulemavu mkubwa. Lakini nilijua pia nilichokifanya: jiwe la ulinzi ambalo watu wawili waliweka kwa ajili yangu, nimelitia motoni mimi mwenyewe, nikipika gundi.

Mfuko ulibaki chini ya benchi mpaka Jumatatu. Jumatatu nikautoa, nikarudisha nguo kabatini.

Nikashona Biblia ya yule mwanamke mkunjo kwa mkunjo, na nilishona vizuri. Chuki yangu haijawahi kuingia kwenye uzi. Fundi alikata kadibodi mpya. Nikamwambia, "Piga neno lako." Akaziweka herufi za shaba mbele yangu, akasema, "Piga wewe. Safari ile tulikuwa wawili na mwenye haki hakuwapo."

Sijawahi kuwa fundi wa dhahabu. Herufi unaipasha moto, unaigusa kwenye sponji mbichi, ikilia kwa muda mfupi tu iko tayari, unaikandamiza juu ya karatasi ya dhahabu, na mkono usitetemeke. Nikapiga M, nikapiga I, nikapiga S na pengo lake, na P. Ilipofika A nikakumbuka ile shingo ndefu, mkono ukacheza. A ikaanguka upande. Tarehe nikaipiga ile ile ya zamani, na hiyo ndiyo iliyoniuma kuliko zote. Kisha nikabandika karatasi juu.

Alhamisi akaja, akasimama mlangoni.

"Mwenyewe yupo?"

"Hayupo," nikasema, na safari hii nikaielewa ile pumzi.

Akaingia, akafunua jalada, akapitisha kidole gumba. Kidole kikafika mwisho, kikarudi, kikasimama.

"Kuna herufi imelala."

"Ni ya mwisho. Nimeipiga mimi."

"Na ile ya kwanza?"

"Niliichoma."

Akakaa kwenye benchi, Biblia magotini. Mimi nikawa napanga sindano ambazo zilikuwa zimeshapangwa.

"Kutoka nyumbani kwangu hadi kanisani," akasema, "nikipita hapa kwenu ni mwendo wa dakika kumi. Mimi huzungukia kule nyuma kwenye maghala. Dakika arobaini. Miaka yote hii, mvua na jua. Sasa magoti yamenikataa. Uzi wa Biblia ungeweza kungoja, dada. Nilikuja kuomba njia."

"Mbona unaniomba mimi? Walioapa ni ninyi wawili."

"Tuliapa kwa ajili yako. Ruhusa ni yako."

Nikakiangalia kile kisigino kilicholika, ambacho wiki iliyopita kilinifurahisha. Dakika arobaini kwenda, arobaini kurudi. Aibu ilinishika, naikiri. Na katikati ya aibu ile ile nikaona tena shingo, na jinsi alivyokaa benchini kama mtu anayelijua benchi, na wivu wangu ukaamka ukajinyoosha, haujaumwa hata mafua.

"Pita," nikasema. "Lakini upande wa pili wa barabara. Kule kwenye duka la viatu."

"Huo ndio niliotaka kuuomba," akasema, akainuka taratibu, akishika meza.

Sasa hupita kila Jumatano kwenda mazoezini, upande wa duka la viatu, Biblia kwapani. Nimehamishia kiti changu cha kushonea dirishani. Nimemwambia fundi kuna mwanga zaidi. Mwalimu hajawahi kugeuza shingo kutazama dukani, hata siku moja. Nyuma yangu fundi naye hainui kichwa. Ila viatu vya Mwalimu vinapogonga barabara, kiatu kimoja kizito kuliko kingine, kisu cha mume wangu husimama kwenye kadibodi, kidogo tu, kisha kinaendelea kukata. Nashikilia sindano hewani mpaka yule mama apite kona, ndipo navuta uzi.